Kiganja Chenye Maandishi: Hamsa katika Maisha ya Wayahudi

Mswahili hahitaji mkalimani ili alielewe jina la kiganja hiki. Siku ya Alhamisi, hesabu ya hamsini, na ile hesabu ya wazee wa pwani waliosema hamsa wa ishirini, vyote vinatokana na neno moja la Kiarabu, khamsa, yaani tano. Wayahudi wa Moroko, Algeria, Tunisia na Libya, ambao kwa karne nyingi walizungumza Kiarabu nyumbani na sokoni, waliliita kwa jina hilohilo pambo la fedha au la shaba lenye umbo la mkono uliokunjuliwa, walilolitundika ukutani, juu ya kitanda cha mzazi, kwenye susu la mtoto na shingoni mwa bibi harusi. Kiebrania kina neno lake la tano, hamesh, linalofanana sana na hilo la Kiarabu kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu. Hata hivyo, Mwisraeli wa leo anapokitaja kiganja hicho hasemi hamesh. Anasema hamsa, kwa matamshi yaliyotoka Afrika ya Kaskazini, na mara nyingi hajiulizi kwa nini.

Mimi nadhani swali hilo ndilo mlango wa kuingilia katika maana ya alama hii. Siku hizi hamsa inauzwa duniani kote kama kidani cha bahati njema, na maelezo yanayoandamana nayo huwa mafupi na yaleyale: kwamba ni alama ya kale ya Wayahudi na Waislamu, inayofukuza jicho baya na kuleta baraka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanawafuta watu. Torati haikuwaamuru Wayahudi waitundike hamsa, wala Wayahudi hawakuwa wa kwanza kuuchonga mkono kama kinga. Uyahudi wa hamsa umo katika mambo mawili: maandishi ambayo Wayahudi waliyachora juu ya kiganja hicho, na watu waliokifua, kukivaa na kukibeba walipohama. Anayeyaacha hayo mawili akabaki na umbo tupu la mkono, amebaki na bati.

Hofu ambayo hamsa inaikabili tunaijua vizuri. Waswahili huiita husuda, kijicho, jicho baya, na wanawake wetu wameiandika kwenye kanga kwa maneno machache yasiyohitaji ufafanuzi: hasidi hana sababu. Kiebrania huiita ayin hara, jicho baya, na Talmudi ya Babeli, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya walimu wa kale wa Kiyahudi, inaizungumzia bila haya. Katika kitabu cha Bava Metzia imeelezwa kwamba Rav, mmoja wa walimu wakubwa wa karne ya 3, alikwenda makaburini, akafanya alichokifanya, kisha akasema kwamba watu 99 wamekufa kwa jicho baya na mmoja tu kwa kifo cha kawaida. Msomaji wa leo anaweza kuliona hilo kuwa ni neno la kutia chumvi, lakini linaonyesha jinsi hofu hiyo ilivyokaa ndani ya nyumba za wasomi, mbali na dhana ya kwamba ilikuwa ni mambo ya akina mama wasiojua kusoma.

Na Talmudi hiyohiyo, katika kitabu cha Berakhot, inatoa dawa ambayo ningependa msomaji aijaribu kwa mikono yake mwenyewe ili aone ninachokikusudia. Mtu anayeingia mji akaogopa jicho baya, ashike dole gumba la mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na dole gumba la mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kisha aseme: mimi fulani bin fulani ni wa uzao wa Yusufu, ambaye jicho baya halina nguvu juu yake. Hapo hakuna pambo wala sonara. Kuna mikono miwili iliyofungana na sentensi moja. Sentensi yenyewe imejengwa juu ya baraka ya Yakobo kwa mwanawe Yusufu katika sura ya 49 ya Mwanzo, ambako Yusufu anafananishwa na mti uzaao ulio kando ya chemchemi. Neno la Kiebrania la chemchemi na neno la jicho ni moja, ayin, na walimu wakalisoma andiko hilo kana kwamba linasema kuwa Yusufu yuko juu ya jicho, amelipita, halimpati. Tayari hapa, karne nyingi kabla ya hamsa za Moroko tunazoziona katika makumbusho, tunaziona sehemu zake zote mbili: mkono, na andiko linaloupa mkono sababu ya kuwapo.

Kutoka hapo ndipo wametoka wale samaki ambao wanunuzi wengi hushangaa kuwakuta wamechongwa katikati ya kiganja. Yakobo aliwabariki wana wa Yusufu kwa kitenzi cha Kiebrania chenye mzizi wa neno samaki, kwamba wawe wengi kama samaki, na Talmudi ikaeleza kwamba kama samaki wa baharini walivyofunikwa na maji jicho lisiweze kuwadhuru, ndivyo ulivyo uzao wa Yusufu. Basi samaki aliye kwenye hamsa ya Kiyahudi amebeba tafsiri nzima ya andiko. Kwa mkazi wa pwani jambo hili linaeleweka haraka: kilicho chini ya maji hakionekani, na kisichoonekana hakihusudiwi.

Mkono wenyewe, nje ya habari za husuda, ni neno zito katika Kiebrania. Yad ni mkono, lakini pia ni nguvu, na pia ni nguzo ya ukumbusho. Absalomu, mwana wa Daudi, alipokosa mtoto wa kiume wa kulidumisha jina lake, alijisimamishia nguzo iliyoitwa yad ya Absalomu. Waisraeli walipotolewa Misri, Kumbukumbu la Torati linasema walitolewa kwa mkono wa nguvu na kwa mkono ulionyoshwa. Nabii Isaya anamwakilisha Mungu akisema amewachora watu wake katika viganja vya mikono yake. Hata fimbo ndogo ya fedha ambayo msomaji wa Torati huitumia kufuatia mistari, ili kidole chake kisiguse ngozi iliyoandikwa, huitwa yad na ncha yake mara nyingi ina umbo la mkono wenye kidole kimoja kilichonyoshwa. Kiswahili nacho kinauchukulia mkono kwa uzito wa namna hiyo. Tunapeana mkono wa Idi, tunapeana mkono wa tanzia, na hakuna anayedhani kwamba katika maneno hayo tunazungumzia mifupa na nyama.

Mambo hayo hayakubaki katika maneno tu. Mwaka 1967, karibu na Hebroni, mahali paitwapo Khirbet el-Qom, mtaalamu wa mambo ya kale William Dever alilipata andiko lililochongwa kwenye kaburi la karne ya 8 kabla ya Kristo. Andiko hilo linamtaja mtu aitwaye Uriyahu, na linasema amebarikiwa na Yahwe, kisha likamtaja pia Ashera, jina la mungu wa kike wa Wakanaani, jambo ambalo limewapa wasomi kazi kubwa hadi leo. Chini ya maneno hayo umechongwa mkono, vidole vimeelekea chini, tena umechimbwa kwa kina kuliko herufi zenyewe. Herufi ni nyembamba, zimekwaruzwa kwa haraka, na huwasumbua wanaozisoma, mkono hausumbui. Yeyote aliyeingia kaburini humo na taa aliuona kwanza mkono, kisha ndipo akayaona maneno.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1979, Gabriel Barkay na wenzake walichimba makaburi ya Ketef Hinnom mjini Yerusalemu wakapata vibati viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa mithili ya msokoto, vya kuvaliwa mwilini. Ilipowezekana kuvikunjua bila kuvivunja, ndani yake yalikutwa maneno ya baraka ya makuhani iliyomo katika sura ya 6 ya Hesabu: BWANA akubariki na kukulinda. Vibati hivyo ni vya miaka 2,600 hivi iliyopita, na ndiyo maandishi ya kale zaidi yanayojulikana yenye maneno yanayopatikana katika Biblia. Ningependa tulikumbuke jambo hili kila tunaposikia kwamba hirizi ni uchafu ulioingia kwenye dini safi kutoka nje. Maneno ya Biblia ya kale kabisa tuliyonayo mkononi hatukuyapata katika gombo la maktaba wala katika ukuta wa hekalu. Tuliyapata ndani ya hirizi.

Hata hivyo sitaki kuipuuza sauti ya upande wa pili, kwa sababu ni sauti ya Kiyahudi kama ile ya kwanza, na imesemwa na watu wakubwa. Katika vita dhidi ya Amaleki, kitabu cha Kutoka kinasema kwamba Musa alipoinua mkono wake Israeli ilishinda, na alipoushusha Amaleki alishinda. Ukiisoma habari hiyo peke yake, utasema mkono wa Musa ulikuwa na nguvu ya kichawi. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, katika kitabu cha Rosh Hashana inauliza swali hilohilo waziwazi: je, mikono ya Musa ndiyo inayopigana vita au kuivunja? Jibu lake ni kwamba kila Waisraeli walipotazama juu na kuitiisha mioyo yao kwa Baba yao wa mbinguni, walishinda. Na wasipofanya hivyo, walianguka. Mkono, kwa tafsiri hii, hauna nguvu yake wenyewe. Kazi yake ni kuyainua macho.

Mishna haikuishia hapo. Ikamleta nyoka wa shaba ambaye Musa alimtundika juu ya mti jangwani ili walioumwa wamtazame wapone, ikauliza vilevile: je, nyoka huyo huua au huhuisha? Na msomaji wa Biblia anajua mwisho wa nyoka huyo: Hezekia, mfalme wa Yuda, alimvunjavunja kwa sababu watu walikuwa wamefikia kumfukizia uvumba. Kitu kilichotengenezwa kwa amri ya Mungu, na mkono wa Musa mwenyewe, kilivunjwa siku kilipoacha kuelekeza na kuanza kuabudiwa. Sijaona popote penye maelezo bora zaidi ya hatari iliyomo katika kila kinga ya kuvaliwa, iwe hamsa, iwe hirizi ya ngozi, iwe msalaba wa dhahabu.

Ndiyo sababu Musa bin Maimuni, ambaye Wayahudi humwita Rambam, mzaliwa wa Cordoba aliyefanya kazi ya utabibu Misri katika karne ya 12, aliandika kwa ukali juu ya jambo hili. Hakuitaja hamsa, alizungumzia mezuza, kile kipande cha ngozi chenye maneno ya Torati kinachowekwa kwenye mwimo wa mlango. Wako watu waliokuwa wakiandika ndani yake majina ya malaika ili iwe kinga ya nyumba. Rambam akasema hao hawana sehemu katika ulimwengu ujao, kwa kuwa wameichukua amri kubwa inayohusu umoja wa Mungu na upendo wake wakaifanya kana kwamba ni hirizi ya manufaa yao. Sheria ya Mishna juu ya Sabato, kwa upande mwingine, inazungumzia hirizi kana kwamba ni kitu cha kawaida, na inachouliza ni kama aliyeiandika ni fundi aliyethibitika. Sauti hizo mbili zimekaa pamoja katika vitabu vilevile, kizazi baada ya kizazi, na hakuna iliyoifukuza nyingine.

Mimi, nikilazimika kuchagua, nasema Rambam alisema kweli juu ya mezuza, kwa maana mezuza ni amri na kuigeuza dawa ni kuishusha. Hamsa haiko katika hali hiyo. Haikuwa amri kamwe, kwa hiyo hakuna amri iliyopotoshwa kwa ajili yake. Ilikuwa ni hofu ya mama juu ya mtoto wake, hofu ambayo ilikuwapo tayari kabla ya rabi yeyote kuitolea hukumu. Na walichofanya Wayahudi wa nchi za Kiarabu ni kuikamata hofu hiyo na kuiandikia maneno. Hilo ni kinyume cha lile alilolikemea Rambam. Yeye aliwakemea walioligeuza andiko kuwa hirizi, nao waliigeuza hirizi kuwa mahali pa andiko.

Tuitazame hamsa moja kwa karibu, ya aina iliyotengenezwa Moroko katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ya fedha, imekatwa kutoka kwenye bamba jembamba. Vidole vitatu vya kati vimesimama pamoja, na pande zote mbili, badala ya dole gumba moja na kidole kidogo kimoja, kuna vidole viwili vinavyolingana vilivyopinda nje, kiasi kwamba huwezi kusema ni mkono wa kulia au wa kushoto. Kingo zake zimechongwa meno madogo. Katikati pana herufi za Kiebrania: labda Shadai, jina la Mungu, linaloanza kwa herufi shin, labda herufi he peke yake, ambayo ni ya tano katika alfabeti na kwa hesabu ya Kiebrania ina thamani ya tano, na papo hapo ni ufupisho wa jina la Mungu. Katika nyingine pana maneno ya baraka kwa Yusufu, au jina la mtoto aliyetengenezewa. Tano ya vidole inakutana na tano ya herufi, na vitabu vitano vya Torati, kiasi kwamba mtu aliyelelewa katika utamaduni huo haoni pambo tupu bali anasoma.

Kiganja hicho kilifuliwa na nani? Mara nyingi sana, na sonara wa Kiyahudi. Katika miji na vijiji vingi vya Moroko, na vilevile Yemeni, kazi ya fedha ilikuwa mikononi mwa Wayahudi, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba Waislamu wengi waliogopa kuingia katika riba kwa kuuza fedha kwa bei iliyozidi uzito wake. Kwa hiyo mwanamke wa Kiberiberi aliyeshuka kutoka milima ya Atlas kununua khamsa ya binti yake, na mwanamke wa Kiyahudi wa mellah, yaani mtaa wa Wayahudi, aliyekwenda kumnunulia mwanawe, waliweza kusimama mbele ya tanuru na nyundo ya fundi mmoja. Mmoja aliondoka na kiganja chenye nakshi, mwingine na kiganja chenye nakshi na herufi. Wanaobishana leo kuhusu nani aliyemwibia mwenzake alama hii wangefaidika kukumbuka meza hiyo ya sonara.

Hata sinagogi liliipokea. Afrika ya Kaskazini palikuwa na desturi ya kutundika taa za mafuta sinagogini kwa ajili ya marehemu, na bamba la shaba ambalo taa hiyo ilining'inia mara nyingine lilikatwa kwa umbo la kiganja, jina la marehemu likachorwa juu yake. Hapo hamsa imekwisha kuvuka mpaka wa husuda. Maiti haogopi kijicho. Mkono ule umerudi kwenye maana ya zamani ya yad, nguzo ya kumkumbuka mtu, na ninakiri kwamba taa hizo hunigusa kuliko vidani vyote vya dhahabu.

Tano yenyewe iliishi nje ya fedha na shaba. Usiku unaohitimisha Pasaka, Wayahudi wa Moroko huadhimisha Mimuna. Milango huachwa wazi, majirani huingia bila kubisha, na mezani huwekwa vitu kwa hesabu ya vitano: tende tano, maganda matano ya kunde kubwa mbichi, sarafu tano zilizobanwa kwenye unga au kinyunga, pamoja na maziwa, asali, na mara nyingi samaki mzima. Hakuna kiganja hata kimoja mezani hapo, lakini hamsa imejaa. Katika mazungumzo nako, mtu akisifu mtoto au nyumba mpya, mwenyeji hujibu kwa kutaja tano, na Kiarabu cha Maghribi kina msemo mkali zaidi unaomwelekezea mwenye kijicho: tano machoni mwako. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki hawakuwa na desturi hiyo. Wao walikuwa na uzi mwekundu, walitema mate mara tatu, na walisema kwa Kiyidi, lugha yao, keynehore, yaani pasiwe na jicho baya. Hofu ni moja, lakini kiganja hawakukijua.

Kuhusu majina, ni vyema tuwe waangalifu. Wengi husema Waislamu huiita Mkono wa Fatma na Wayahudi Mkono wa Miriam, dada yao Musa na Haruni, na kisha hujenga juu ya majina hayo habari ndefu za wanawake wawili watakatifu. Jina la Miriam halina mizizi mirefu katika vitabu vya Kiyahudi. Ni jina la siku za karibuni, lililosaidia kuipa alama hii sura ya Kibiblia. Jina la Fatma nalo lilienea sana kupitia Wafaransa waliotawala Algeria, ambao walizoea kumwita kila mwanamke wa Kiislamu "fatma", hasa mtumishi wa nyumbani, desturi ambayo haikuwa ya heshima. Haimaanishi kwamba Waislamu hawana mkono wao wenye utakatifu. Mashia wanao, na hata hapa kwetu, Makhoja wa madhehebu ya Ithnaasheri wanapoadhimisha Muharram, juu ya baadhi ya bendera zao husimama mkono wa chuma uitwao panja, neno ambalo nalo linatokana na tano, kwa ajili ya Mtume, Ali, Fatma, Hasan na Husein. Lakini huo una historia yake, na kuichanganya na ya hamsa ya Kiyahudi ni kuzionea zote mbili.

Mkono mwingine usiochanganywa na hamsa ni ule wa makuhani. Wanaume wanaohesabiwa kuwa uzao wa Haruni, wanaposimama kuwabariki waumini sinagogini, huinua mikono yote miwili na kuvitenganisha vidole kwa namna maalumu, na mikono hiyo huchongwa kwenye makaburi yao. Huo ni mkono unaotoa baraka, una sheria zake na wenye haki nao wanajulikana kwa ukoo. Hamsa haina ukoo wala sheria. Mjane maskini wa Marrakesh aliweza kuichora mlangoni kwa rangi bila kumwomba mtu ruhusa.

Baada ya kuundwa kwa taifa la Israeli, kati ya mwaka 1948 na 1951, waliingia wahamiaji takriban 700,000, na karibu nusu yao walitoka nchi za Waislamu. Wayahudi wengi wa Moroko wakafuata katika miaka ya 1950 na 1960. Waliwekwa katika kambi za mahema na mabanda zilizoitwa maabarot, na baadaye katika miji mipya ya mbali. Walioshika hatamu za nchi walikuwa watu wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, waliotaka kumjenga Myahudi mpya, mwenye elimu ya kisasa, aliyeacha nyuma mambo ya ughaibuni. Machoni pao hamsa ilikuwa ni ushamba, ushirikina wa watu wa Mashariki, na zaidi ya hayo ilikuwa na jina la Kiarabu katika nchi iliyokuwa vitani na Waarabu. Profesa Shalom Sabar wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, aliyeichunguza alama hii kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi ilivyosukumwa pembeni katika miaka hiyo na jinsi ilivyorudi.

Kurudi kwake hakukuanza madukani. Kulianza na watu wenyewe kudai nafasi yao. Mwaka 1971, katika mtaa wa Musrara mjini Yerusalemu, vijana wenye asili ya Moroko na nchi jirani walianzisha kundi wakajiita Chui Weusi, jina walilolichukua kwa Wamarekani weusi, wakaingia barabarani kulalamikia ubaguzi na umaskini. Mwaka 1977 kura za watu wenye asili hiyo zilichangia sana kuiondoa madarakani kambi ya Leba, iliyoongoza tangu mwaka 1948, na kumwingiza Menachem Begin kuwa waziri mkuu. Mimuna ikatoka majumbani ikaenda kwenye bustani za miji, na wanasiasa waliokuwa hawaijui wakajifunza kuitembelea wakipigwa picha na sahani ya mofleta, chapati nyembamba za Mimuna, mkononi. Katika mkondo huohuo hamsa ilipanda. Wabunifu wa mapambo waliichukua, makumbusho yakaionyesha, na muda si mrefu ikawa imeenea kwenye vishikizo vya funguo, kwenye vioo vya magari, na kwenye vigae vya ukutani vyenye baraka ya nyumba kwa Kiebrania, tena hata katika nyumba za watu ambao bibi zao wa Poland hawakuwahi kuiona.

Hapa ndipo msimamo wangu unapokutana na ugumu, na sitaukwepa. Kwa upande mmoja ninafurahi kuona kilichodharauliwa kimeheshimiwa. Kwa upande mwingine heshima hiyo imekuja kwa sharti ambalo halikutamkwa: kwamba hamsa ipoteze watu wake. Kiganja kilichokatwa kwa mashine, bila herufi, bila jina la mtoto, kikauzwa kwa mtalii kama alama ya "utulivu" au "nguvu za asili", hakidai chochote kwa anayekivaa. Hakimtaki ajue kwamba kilikuwa na watu wenye lugha yao, Kiarabu walichokiandika kwa herufi za Kiebrania. Wala hakimtaki ajue kwamba wenye lugha hiyo walitahayarishwa mbele ya watoto wao. Katika miaka ya 1940 Moroko ilikuwa na Wayahudi takriban robo milioni. Leo wamebaki elfu chache. Matanuru ya masonara wao yalizimika, na khamsa zao nzuri zaidi zimo ndani ya makabati ya vioo katika makumbusho ya Yerusalemu, Paris na New York.

Wapo wanaosema kwamba alama husafiri, na hakuna mwenye haki ya kuizuia. Kwamba hata Wayahudi wenyewe waliikuta mikononi mwa wengine. Nakubaliana nao nusu. Wayahudi waliipokea kwa majirani waliokula nao na kununua kwao, na walipoipokea waliifanyia kazi: waliisoma kwa Mwanzo sura ya 49, wakaiandika Shadai, wakaitia samaki, wakaifanya taa ya marehemu. Kupokea kwa namna hiyo kunaongeza kitu. Kuichukua ikiwa imenyofolewa maandishi kunapunguza, hata kama fedha yake ni safi zaidi.

Kisiwani Djerba, kusini mwa Tunisia, bado kuna jamii ya Wayahudi wapatao elfu moja na zaidi, wengi wao katika mtaa uitwao Hara Kebira, na kazi ya vito ingali riziki ya familia nyingi za huko. Wanasema Kiarabu nyumbani na kusali kwa Kiebrania. Kuta za nyumba zao hupakwa chokaa nyeupe, na juu ya chokaa hiyo, kando ya milango, mtu huchora kwa brashi na rangi ya buluu kinara cha matawi saba, samaki, na kiganja. Rangi huchujuka kwa jua na chumvi ya bahari. Ikichujuka sana, huchorwa upya.